Papia wa Hierapoli na Vipande vya Maandishi Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeanza kusoma historia ya Injili hukutana na jina la Papia mapema sana. Mwalimu husema "Papia anashuhudia kwamba Marko aliandika mahubiri ya Petro," na darasa linasonga mbele. Lakini vitabu vya Papia mwenyewe hatuna. Tulio nao ni watu waliomnukuu, na kila mmoja wao alimnukuu kwa haja yake. Kwa hiyo majibu ya hapa chini yatarudi mara nyingi kwenye jambo moja: kabla ya kuuliza Papia kasema nini, uliza nani katufikishia.

## Mambo ya msingi

1. Papia alikuwa nani?

Alikuwa askofu wa Hierapoli, mji wa Frigia katika Asia Ndogo, mwanzoni mwa karne ya 2. Wengine humwita Papias, kwa kufuata Kigiriki. Anahesabiwa miongoni mwa Mababa wa Kitume, yaani waandishi wa Kikristo wa kizazi kilichowafuata Mitume, pamoja na Klementi wa Roma, Ignasi wa Antiokia na Polikarpo wa Smirna. Ireneo, askofu wa Lyon aliyeandika yapata mwaka 180, anamwita "mtu wa kale," msikilizaji wa Yohana na mwenzake Polikarpo.

2. Hierapoli iko wapi?

Magofu yake yako Uturuki, karibu na mji wa Denizli, mahali panapoitwa leo Pamukkale. Maji ya moto yenye chokaa yametiririka pale karne kwa karne na kuacha ngazi nyeupe mlimani. Ukiona picha yake utadhani ni theluji. Katika Biblia mji huu umetajwa mara moja tu, Wakolosai 4:13, pamoja na majirani zake Laodikia. Kolosai nayo haikuwa mbali.

Kwa habari za Papia, jiografia hii ina uzito. Mji ulikuwa katika bonde la mto Liko, na njia ya kutoka Efeso kwenda bara ilipita katika bonde hilo. Mtu aliyetaka habari za wazee waliowajua Mitume hakulazimika kusafiri. Aliweza kukaa kwake na kuwahoji wageni, na ndivyo Papia anavyosema alivyofanya.

3. Aliandika nini, na lini?

Aliandika kazi moja yenye vitabu vitano kwa Kigiriki. Jina lake kwa Kiswahili tunaweza kusema *Ufafanuzi wa Maneno ya Bwana*. Neno analotumia, *logia*, halina maana ya maneno ya kawaida; Wagiriki walilitumia kwa tamko litokalo kwa Mungu.

Tarehe ina ubishi. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anamweka Papia katika siku za Kaisari Trajani, aliyekufa mwaka 117, na wataalamu wengi wa sasa wanakitaja kipindi cha kati ya mwaka 110 na 130. Wanaosogeza tarehe mbele hutegemea habari moja inayotaja utawala wa Hadriani, Kaisari aliyemfuata Trajani. Kwa nini habari hiyo si mhimili imara, tazama swali la 15.

4. Kwa nini vitabu vyake vilipotea?

Kitabu cha kale kiliishi kwa kunakiliwa. Kisiponakiliwa kwa vizazi viwili vitatu, mafunjo yanaoza na habari inakwisha. Papia alifundisha kwamba baada ya ufufuo kutakuwa na utawala wa Kristo wa miaka elfu moja hapa duniani, wa kuonekana kwa macho. Karne ya 2 mafundisho hayo yalikuwa na wafuasi wenye heshima, akiwemo Ireneo. Kufikia karne ya 4 viongozi wengi wa Kanisa la Kigiriki waliyaona ni ya kitoto. Eusebio alipotoa hukumu yake juu ya Papia (swali la 16), wanakili hawakuwa na sababu kubwa ya kupoteza ngozi na wino kwa ajili yake.

## Vipande na waliovihifadhi

5. "Kipande" ni nini hasa? Ni karatasi iliyochanika?

Hapana. Watu wengi hufikiri kuna makaratasi yaliyoungua pembeni ndani ya kioo cha makumbusho. Kwa Papia, kipande ni nukuu au taarifa iliyomo ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Eusebio anaandika "Papia asema hivi," kisha anaweka maneno. Maneno hayo ndiyo kipande.

Hapo hapo shida inaanza. Nukuu inaishia wapi, na maelezo ya mwenye kunukuu yanaanzia wapi? Kigiriki cha kale hakikuwa na alama za kufungua na kufunga usemi. Ndiyo maana kila mhariri ana hesabu yake ya vipande: wengine huhesabu nukuu zenye maneno ya Papia tu, wengine huongeza kila mahali alipotajwa.

6. Ni nani waliotuhifadhia?

Wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni Ireneo, katika kitabu cha 5 cha *Dhidi ya Uzushi*, sura ya 33. Wa pili ni Eusebio wa Kaisaria, katika *Historia ya Kanisa*, kitabu cha 3, sura ya 39, ya mwanzoni mwa karne ya 4. Msomaji mwenye jioni moja tu asome sura hizo mbili, kwa maana sehemu kubwa ya mijadala yote imo humo.

Baada yao wako Apolinari wa Laodikia (kifo cha Yuda), Filipo wa Side wa karne ya 5 (kifo cha Yohana), Andrea wa Kaisaria aliyefafanua Ufunuo, Maksimo Muungamadini na Anastasi wa Sinai. Hao wa mwisho wanatupa mstari mmoja mmoja tu.

7. Utangulizi wa Papia unasemaje?

Huu ndio mlango wa kazi nzima, na kwa maoni yangu ndio kipande kizuri kuliko vyote. Eusebio ameunukuu kwa urefu. Sehemu yake kuu ni hii:

"Kila alipofika mtu aliyewahi kufuatana na wazee, nilimhoji juu ya maneno ya wazee: Andrea alisema nini, au Petro, au Filipo, au Tomaso, au Yakobo, au Yohana, au Mathayo, au mwingine yeyote katika wanafunzi wa Bwana, na yale wanayoyasema Aristioni na mzee Yohana, wanafunzi wa Bwana. Kwa maana sikudhani kwamba yatokayo vitabuni yangenifaa kama yatokayo kwa sauti iliyo hai na yenye kudumu."

Angalia vitenzi. Kwa Andrea na wenzake ni "alisema," wakati uliopita. Kwa Aristioni na mzee Yohana ni "wanasema." Maana yake, Papia alipokuwa akihoji wageni, wale wa kwanza walikuwa wamekwisha kusema yao, na hawa wawili walikuwa bado hai na wanafundisha. Tofauti ndogo ya kitenzi, na wanazuoni wameijadili miaka na miaka.

8. Je, Papia alimsikia Mtume Yohana mwenyewe?

Ireneo anasema alimsikia Yohana, na kwa Ireneo Yohana ni Mtume. Eusebio anapinga, akitumia utangulizi tuliousoma juu: jina Yohana limetajwa mara mbili, mara ya kwanza kati ya Mitume na mara ya pili kando yao, baada ya Aristioni, na sasa ameongezewa "mzee." Basi, anasema, Yohana ni wawili, na huko Efeso yako makaburi mawili yenye jina hilo. Papia alimsikia wa pili.

Hoja ni nzuri, na wengi leo wanaikubali. Lakini Eusebio hakuwa hakimu asiye na upande. Hakukipenda kitabu cha Ufunuo, na Yohana wa pili alimfaa sana, kwa sababu angeweza kubebeshwa Ufunuo huo. Wazo hilo alilikuta kwa Dionisi wa Aleksandria, askofu wa karne ya 3. Tena katika kitabu chake cha awali cha tarehe, Eusebio huyo huyo alimtaja Papia kuwa msikilizaji wa Yohana Mtume. Mimi naona usomaji wake wa vitenzi ni sahihi, ila makaburi mawili hayathibitishi lolote: mji wenye kumbukumbu ya mtu mmoja maarufu unaweza kumwekea mahali pawili pa heshima.

9. Mbona aliidharau maandishi, na yeye mwenyewe akaandika vitabu vitano?

Hakuidharau. Alichosema ni kwamba sauti hai ilimfaa zaidi, kwa sababu unaweza kuiuliza: wewe uliyasikia kwa nani? Wenye ujuzi wa elimu ya hadithi katika Uislamu wataitambua hamu hiyo mara moja, ya kutaka kujua fulani kapokea kwa fulani. Tofauti ni kwamba mlolongo wa Papia ni mfupi: Mitume, wazee, wageni waliofuatana na wazee, kisha yeye. Na majina ya hao wageni hatukuachiwa.

## Injili

10. Anasema nini juu ya Marko?

Anasema alilipokea neno hili kwa mzee. "Marko, akiwa mkalimani wa Petro, aliandika kwa usahihi yote aliyoyakumbuka, ingawa si kwa mpango, ya maneno na matendo ya Bwana." Marko mwenyewe, anaendelea, hakumsikia Bwana wala hakumfuata. Baadaye alifuatana na Petro, ambaye alifundisha kulingana na mahitaji ya wasikilizaji, bila nia ya kupanga habari zote za Bwana. Kwa hiyo Marko hakukosea alipoandika baadhi ya mambo kama alivyoyakumbuka, kwani alijali jambo moja: asiache chochote alichosikia, wala asiseme uongo.

Kila aliyewahi kukaa kanisani siku mgeni anahubiri kwa lugha nyingine anamjua mkalimani. Husimama kando ya mhubiri, sentensi kwa sentensi. Baada ya miaka ya kazi hiyo hubaki na visa, mifano na misemo ya mhubiri wake kichwani, ila hawezi kukuambia kipi kilihubiriwa mwaka gani. Picha anayoitoa Papia ni hiyo. Lakini neno la Kigiriki lina nafasi ya maana nyingine pia, mfafanuzi, yaani aliyeyapeleka mafundisho ya Petro kwa wengine, na si lazima awe alisimama naye jukwaani.

Msomaji makini ataona pia kwamba maneno haya yanatetea. "Hakukosea," "hakusema uongo," "si kwa mpango": hakuna anayesema hivyo kama hakuna aliyelalamika. Inaonekana tayari katika siku za mzee huyo walikuwepo watu waliouona mpangilio wa Marko kuwa na kasoro, labda wakiulinganisha na Injili nyingine. Kwangu ushuhuda huu una thamani kwa sababu hausifu kupita kiasi. Anayetunga sifa za Injili angeanza na mtu aliyemwona Bwana kwa macho yake.

11. Na juu ya Mathayo?

Sentensi moja: "Basi Mathayo aliyapanga maneno ya Bwana kwa lugha ya Kiebrania, na kila mtu akayafasiri kadiri alivyoweza."

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Kwetu "kufasiri" ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine, na pia ni kueleza maana, kama tafsiri ya Kurani. Kitenzi cha Papia kina sura hizo hizo mbili, nacho kinatoka kwenye mzizi ule ule wa neno alilompa Marko. Je, watu walikitafsiri kitabu cha Kiebrania, au walikieleza? Hatuambiwi.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Injili ya Mathayo tuliyo nayo ni ya Kigiriki, haisomeki kama tafsiri, na wataalamu wengi wanaona mwandishi wake aliitumia Injili ya Marko ya Kigiriki. Basi ama Papia alizungumzia kitabu kingine, kwa mfano mkusanyo wa maneno ya Yesu, ama alipokea habari isiyo sahihi, ama "lugha ya Kiebrania" ilimaanisha namna ya Kiyahudi ya kupanga habari. Rai hiyo ya mwisho ina watetezi wachache.

12. Je, anazitaja Injili za Luka na Yohana, au nyaraka za Paulo?

Katika vipande visivyo na shaka, hapana. Eusebio anasema tu kwamba alitumia ushahidi kutoka Waraka wa Kwanza wa Yohana na Waraka wa Kwanza wa Petro. Andrea wa Kaisaria anamweka kati ya walioukubali Ufunuo. Ukimya wake juu ya Luka na Paulo usiutumie kama hoja: tuna punje chache za vitabu vitano, na Eusebio alichagua kilichomvutia.

Kuna utangulizi wa Kilatini unaodai Papia aliandika Injili ya Yohana kwa imla ya Yohana mwenyewe. Ni wa baadaye na umechanganya mambo, hata unamwingiza mzushi Markioni. Usiutegemee.

## Visa vinavyowashangaza watu

13. Ni kweli alifundisha kuhusu zabibu zinazosema?

Ndiyo. Ireneo anasimulia kuwa wazee waliomwona Yohana walikumbuka fundisho hili la Bwana, na kwamba Papia aliliandika katika kitabu chake cha 4. Siku zitakuja ambapo kila mzabibu utakuwa na matawi 10,000. Kila tawi vitawi 10,000. Kila kitawi machipukizi 10,000. Kila chipukizi vichala 10,000. Kila kichala zabibu 10,000. Na kila zabibu ikikamuliwa itatoa vipimo 25 vya divai. Mtakatifu mmoja akishika kichala, kichala kingine kitapaza sauti: "Mimi ni bora, nichukue mimi, umbariki Bwana kwa ajili yangu!"

Kipimo hicho cha Kigiriki kilikuwa na takribani lita 39. Kwa hiyo zabibu moja ni karibu lita 1,000, sawa na tangi la maji linalokaa juu ya nyumba. Ngano nayo: kila punje italeta masuke 10,000, kila suke punje 10,000, na kila punje ratili 10 za unga safi. Yuda msaliti, kwa mujibu wa simulizi, hakuamini akauliza mambo hayo yatawezekanaje, na Bwana akamjibu: "Wataona watakaofika huko."

Hesabu kama hiyo iko pia katika 2 Baruku, kitabu cha Kiyahudi cha zama zile zile, sura ya 29. Kwa hiyo Papia alipokea picha iliyokuwa ikizunguka kwa watu walioujua upungufu wa unga na divai. Wanaomcheka wasisahau kwamba iliwafikia kwa mkono wa Ireneo, ambaye hakucheka hata kidogo.

14. Kifo cha Yuda kinasimuliwaje?

Mathayo 27 inasema alijinyonga. Matendo 1 inasema alianguka akapasuka. Simulizi ya Papia ni ya tatu: Yuda aliishi akawa mfano mkuu wa uovu, mwili wake ukavimba hata asiweze kupita mahali ambapo gari la kukokotwa hupita kwa urahisi. Nakala ndefu inaongeza macho yaliyozama hata tabibu asiyaone kwa chombo chake, na shamba lake likabaki na uvundo hata watu wapite wameziba pua.

Aliyetuletea habari hii ni Apolinari, aliyetaka kuwapatanisha Mathayo na Matendo. Anasema Yuda hakufia kitanzini bali alikatwa kamba akiwa hai, na kuvimba kukafuata. Upatanishi huo ni wake. Hata hivyo kuna nakala fupi na ndefu, na mpaka kati ya maneno ya Papia na nyongeza za baadaye ni mgumu kuuchora.

15. Je, Papia alisema Mtume Yohana aliuawa kama nduguye Yakobo?

Filipo wa Side anadai ndivyo alivyoandika katika kitabu cha 2, na Georgio Mtawa wa karne ya 9 anarudia. Jambo hili linapingana na mapokeo kwamba Yohana alizeeka Efeso. Ireneo na Eusebio, waliokuwa na vitabu vya Papia na waliojali sana habari za Yohana, hawagusi neno hili. Mimi silitegemei.

Filipo huyo huyo anasema Papia aliandika kwamba waliofufuliwa na Kristo waliishi mpaka siku za Hadriani. Lakini Eusebio anainukuu habari inayofanana nayo kutoka kwa mtu mwingine, Kwadrato, aliyemwandikia Hadriani utetezi. Yaelekea Filipo alichanganya watu wawili. Ndiyo maana tarehe ya Papia haifai kusimama juu ya habari hii.

## Maswali ya pembeni

16. Mbona Eusebio alisema Papia alikuwa na akili ndogo sana?

Ni maneno yake, "mwenye akili ndogo sana, kama inavyoonekana katika maandishi yake." Yanahusu utawala wa miaka elfu: Eusebio anaona Papia alichukua mafumbo ya Mitume kama maneno ya wazi. Hayahusu Marko wala Mathayo. Pale Eusebio anamnukuu kwa heshima, tena kwa urefu. Anayemtumia Eusebio kumkataa Papia kuhusu Marko anamsemesha asichosema.

17. Mabinti wa Filipo wanaingiaje?

Eusebio anasema waliishi Hierapoli na Papia alipokea kwao habari mbili: mtu aliyefufuka katika wafu, na Yusto Barsaba (yule wa Matendo 1:23) aliyekunywa sumu asidhurike. Linganisha na Marko 16:18. Hawa wanawake ndio watoa habari pekee wa Papia tunaoweza kuwaweka katika mji wake. Inasikitisha kwamba majina yao hayakuhifadhiwa katika vipande hivi.

Filipo yupi, Mtume au mwinjilisti wa Matendo 21:8-9 mwenye mabinti wanne manabii? Waandishi wa kale waliwachanganya. Kanisa la pembe nane la kumbukumbu ya Filipo, la karne ya 5, bado liko magofuni Hierapoli, na mwaka 2011 waakiolojia wa Kiitalia walitangaza kuwa wamepata kaburi lake karibu nalo.

18. Kisa cha mwanamke mzinzi (Yohana 8) kinatoka kwa Papia?

Eusebio anasema Papia ana kisa cha mwanamke "aliyeshtakiwa dhambi nyingi mbele ya Bwana," kilichomo pia katika Injili ya Waebrania, injili ya kale isiyomo katika Biblia. Huenda ni kile kile, lakini dhambi nyingi si uzinzi mmoja, na Eusebio hakukisimulia.

19. Ni mtakatifu? Alikufa shahidi?

Kanisa Katoliki humkumbuka tarehe 22 Februari. Kwamba aliuawa Pergamo kunatoka kwenye kitabu cha tarehe cha karne ya 7, ambacho inaelekea kilimchanganya na shahidi Papilo.

20. Kuna kipande kinachoeleza Maria wanne wa Injili. Ni cha kwake?

Hapana. Ni cha Papias mwingine, mtunga kamusi wa Italia wa karne ya 11. Bado kinazunguka katika makusanyo ya zamani, kwa hiyo ukikikuta, kiache.

21. Vitabu vyake vinaweza kupatikana siku moja?

Hilo haliko mbali na akili. *Didake*, kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa kwanza, ilijulikana kwa jina tu mpaka ilipokutwa Konstantinopoli mwaka 1873 katika kodeksi (kitabu cha kurasa kilichoandikwa kwa mkono) iliyonakiliwa mwaka 1056. Kitabu cha Ireneo cha kueleza mahubiri ya Mitume kilionekana mwaka 1904 kwa Kiarmenia. Na orodha ya mali ya kanisa la Nîmes, Ufaransa, ya mwaka 1218, inataja kitabu cha Papia "juu ya maneno ya Bwana," kilichokutwa ndani ya makao ya mapadri. Wengine hudhani mwandishi wa orodha aliona kamusi ya yule Papias wa swali la 20. Lakini kamusi haiitwi "maneno ya Bwana," na kitabu hicho hakijaonekana tena.